Shee Lali, Tuliyemwita Ndoo

Wasikilizaji wapendwa, mchana mwema popote mlipo, jikoni, dukani, ama kwa fundi mnangoja kiatu kishonwe. Ni Teresiah wenu. Leo mnisamehe nikikimbia na maneno. Nimetoka Shauri Moyo, mtaani kwetu, sasa hivi na hii habari inaniwasha mdomo. Nilienda kutafuta kumbukumbu za mchezaji. Nimerudi na aibu. Na swali moja: Ijumaa ni hitima yake, je, ndugu zake watatukubali mlangoni?

Shee Lali ametuacha. Narudia, Shee Lali, mshambuliaji wa timu ya taifa miaka ya sabini, alifariki Jumatatu nyumbani kwake Shauri Moyo. Akazikwa Kariokor jioni hiyo hiyo. Wengi hilo jina hamlijui. Lakini nikisema Ndoo, mtaa mzima unageuka.

Ndoo alizaliwa Siyu, kisiwa cha Pate, huko mbele ya Lamu. Enzi hizo gari hakuna, ni punda tu. Alikuja Nairobi mwaka wa sabini na moja, kijana mwembamba, mguu wa kushoto kama nyundo. Alianza na timu ya mtaa. Akaenda timu ya kampuni. Halafu taifa. Alifunga Kampala. Alifunga Lusaka kwa kichwa, na hicho kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji.

Na jina? Akitaka mpira alikuwa anainua mkono, anaita, "Ndoo! Ndoo!" Watu uwanjani Jogoo Road walishika mbavu. Huyu jamaa ndoo ni ya nini, anataka kuoga? Naftaly, fundi wa mabati pale Shauri Moyo, akabeba ndoo moja hadi uwanjani akaigonga na fimbo. Mechi iliyofuata ndoo zilikuwa kila mahali. Shee akifunga, uwanja unaimba, "Ndoo imejaa!" Naye anacheka, anapunga mkono.

Halafu ikaja ile penalti ya sabini na tisa. Mnaikumbuka. Timu ya taifa, dakika za mwisho, Shee akapiga, mpira ukapaa juu ya goli. Tukatolewa mashindanoni.

"Jumapili tukampelekea ndoo mlangoni," Naftaly ameniambia leo, macho kwa viatu vyake. "Ndoo zimetobolewa. Mimi ndio nilizitoboa, na msumari. Tukaimba, Ndoo inavuja. Tuliona ni mchezo tu, dada yangu. Alifungua, akatuangalia, akafunga."

Hakucheza tena. Narudia, Shee Lali hakucheza tena. Akabaki na kazi yake ya bohari, nyumba yake na msikiti. Akipita, watoto wanaimba inavuja. Mwaka huu alipougua, mlango ule tuliupita. Tuliupita tu, mtaa mzima.

Sasa sikieni. Dada yake mkubwa, Bi Khuleta, amefika kutoka Siyu. Tumeingia mimi, Naftaly na akina mama wa mtaa. Na mimi, kwa heshima zangu zote, nikasema, "Pole sana, Bi Khuleta, kwa kumpoteza Ndoo wetu."

"Ndoo ni nani?" akauliza.

Naftaly akaeleza. Kelele za uwanjani, mabati, wimbo. Hata msumari hakuuficha. Bi Khuleta akaweka leso mdomoni.

"Wanangu," akasema polepole, "kwetu ndoo si chombo. Ninyi mwasema njoo. Sisi twasema ndoo. Ndugu yangu alikuwa awaita wenzake. Njoo na mpira. Njoo."

Naftaly akavua kofia.

"Na mbona hakutuambia, mama?" Naftaly akauliza. "Miaka yote hiyo?"

"Mgeni atamfunza mwenyeji kusema? Alipokuja Siyu alinambia, Nairobi wanipenda, wamenipa jina. Nikamwuliza jina gani. Akacheka tu."

Wasikilizaji wapendwa, yule mtu alikuwa anatuita. Aliita uwanjani, sisi jukwaani tukampigia mabati. Aliumwa peke yake ukuta kwa ukuta na sisi, na hakuna aliyeenda.

Bi Khuleta na jamaa wote wa Siyu, poleni sana. Mungu amrehemu Shee Lali. Na sisi tuliobaki, tujiulize jirani anaposema neno na tunacheka, tumelisikia?

Nikitoka nilimwuliza Bi Khuleta, niwaambie watu wa mtaa nini kuhusu Ijumaa? Alimwangalia Naftaly, bado amesimama pale nje kofia mkononi, hajui aende ama abaki.

Akasema, "Waambie ndooni."