Mwalimu Fuatino Leavasa, Aliyetufundisha Kushusha Paa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha ujenzi na uchoraji wa majengo katika shule yetu hapa kisiwani Upolu, Mwalimu Fuatino Leavasa anastaafu tarehe 28 Novemba. Msimu wa vimbunga nao utakuwa umeanza, na wengi wetu darasani tunaogopa.

Alipoajiriwa alikuwa mwanamke pekee katika karakana. Somo lake lilianzia mikononi: kabla ya kuchora nguzo, uibebe; kabla ya kuchora kamba, uisokote. Tulikaa mkekani tukisokota nyuzi za makumbi ya nazi juu ya mapaja mpaka ngozi iwake, naye akipita kutuchokoza: "Petelo, hiyo kamba au mkia wa panya?"

Mwaka juzi darasa letu lilijenga nyumba ya wazi, isiyo na kuta: nguzo za mshelisheli, paa la majani ya miwa, vyote vikifungwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Ndivyo tulivyodhani.

Kimbunga kilitukuta shuleni, bahari imeshameza barabara. Mabati ya madarasa yakaanza kung'oka. Mwalimu akatukimbiza kwenye nyumba yetu.

"Kateni kamba za nguzoni! Paa lishuke chini!"

"Mwalimu, tumesokota mwaka mzima!" Petelo alilia.

"Ndiyo maana ni kamba, mwanangu. Kata!"

Mababu zetu walifanya hivyo, kwa sababu paa lililokaa ardhini upepo hauna pa kulishika. Tulikata, tukalipokea mabegani, likaanza kushuka. Kona moja ikagoma. Petelo, alipochoka kusokota, alikuwa amepigilia misumari pale na kuifunika kwa kamba. Upepo ukaingia kwenye upenyo, paa likainuka nasi tukining'inia.

Mwalimu alitambaa chini yake na nyundo kuing'oa misumari. Hatukumwona tena, tulisikia tu ikilia ikitoka. Paa likatua, tukajipenyeza ndani, na sauti yake ikatoka gizani: "Petelo, nyumba ijayo utasokota peke yako."

Wote tulitoka hai. Leo Petelo ndiye anayewafundisha wadogo kusokota, na hacheki wakizungumzia misumari.

Juzi upepo ulipotikisa madirisha, darasa zima lilimgeukia Mwalimu, si mlango. Mwakani hatakuwepo, na mmoja wetu atalazimika kusema "Kateni." Sijui kama sauti yangu itasikika.

Asante, Mwalimu, kwa kuingia chini ya lile paa. Kaa salama kwa binti yako huko kisiwani Savai'i, ule magimbi yako taratibu, na upepo ukusahau.