Mwalimu Mwinjuma Ateremka Dunguni

Jumamosi hii, tarehe 29 Juni 1957, Mwalimu Mwinjuma Mshamu anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya Kibiti kwa miaka ishirini na sita. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, siku ile baiskeli yake isiyo na breki ilipokataa kusimama shuleni ikampitiliza hadi njia ya Mchukwi. Alirudi kwa miguu, akiisukuma na kuigombeza.

Alikuja mwaka 1931 kufundisha kilimo. Mihogo yake ilisitawi sana, ingawa nguruwe ndio waliofaidi zaidi. Lakini sifa yake haikutoka kwenye mihogo. Ilitoka kwenye darasa ambalo halikuwahi kuandikwa kwenye ratiba yoyote.

Siku zile dawa ya mtoto mkorofi ilikuwa fimbo. Mwalimu Mkuu wa wakati huo alipenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Mwinjuma alimjibu kwa adabu zote kwamba samaki akishavunjika hakunjiki tena, kisha akaomba watoto wote wanaosubiri viboko wapelekwe kwake baada ya masomo. Mwalimu Mkuu alikubali, nadhani kwa kuwa mkono wake ulishachoka.

Tiba yake ilikuwa bondeni, kwenye mpunga wa shule. Alijenga dungu, jukwaa refu la miti, akawapandisha watoto hao juu wakaamie ndege, yaani wawafukuze wasile mpunga, hadi jua litue. Mwenye hasira alipiga kelele mpaka hasira ikamwisha, na hakuna aliyemkemea, maana kelele ndiyo kazi. Walipochoka walikula muhogo wa kuchemsha, wakaanza kusema yaliyowasibu nyumbani bila kuulizwa. Mwinjuma alisikiliza huku amefumba macho. Mara nyingine alikuwa amelala kweli, na ndege walijua.

Swalehe aling'ata wenzake wanane kabla hajapelekwa dunguni. Leo ni karani wa posta, analamba stempu kutwa nzima na meno yametulia.

Mwaka 1941 aliletwa Zena, msichana wa miaka tisa kutoka Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji. Mtumbwi uliobeba boriti za mikoko ulizama na mama yake, naye tangu siku hiyo hakutamka neno. Mwinjuma hakumwomba aseme. Alimpa debe na kijiti, akamwambia debe litamsemea. Zena akapiga debe misimu miwili, na hakuna shomoro aliyethubutu kukaribia upande wake.

Mwaka 1943 ikaja barua: Bwana Mkaguzi atatembelea shule, na asipoona faida ya darasa la bondeni, darasa litafungwa. Baba yake Zena naye alishasema kuwa likifungwa atamrudisha bintiye Kiongoroni akaanike kamba wa baharini, kwani bubu hahitaji shule. Mwinjuma alikonda wiki ile, mtu ambaye hakuwa na cha kukonda.

Asubuhi ya ukaguzi Mwalimu Mkuu aliamuru madebe yote yakusanywe yatumike kutekea maji, sakafu zisuguliwe mgeni asije akaona vumbi. Hakukumbuka kuyarudisha. Alasiri watoto wakapanda dunguni mikono mitupu. Mkaguzi akateremka bondeni na kofia yake kubwa, na kwa kutojua njia akakata moja kwa moja katikati ya mpunga uliokwisha kuiva, akiulaza kila hatua.

Sasa, mtoto wa Rufiji amelelewa hivi: chochote kinachoharibu mpunga, kiwe ndege, nyani au nguruwe, kinafukuzwa. Zena alitafuta debe, hakuliona. Akasimama, akafungua kinywa, akamwamuru Bwana Mkaguzi atoke mpungani mara moja, kwa sauti iliyosikika hadi barabara ya Lindi.

Mwalimu Mkuu alishika kichwa. Mkaguzi aliganda, mguu mmoja hewani. Mwinjuma ndiye pekee aliyekaa chini matopeni, akacheka huku machozi yanamtoka, na aliposhindwa kujieleza, Swalehe ndiye aliyemweleza mgeni kuwa yule msichana hajasema kwa miaka miwili. Mkaguzi akavua kofia, akarudi kinyumenyume kwa kufuata nyayo zake mwenyewe. Ripoti yake ilisema darasa liendelee, na njia ya kupita iwekewe vigingi.

Zena yule ndiye mimi ninayeandika haya. Jumatatu nitapanda dunguni badala yake, na madebe nimeyaficha.

Mwalimu, jioni ile baba alinitaka nikushukuru, ukamzuia. Ulisema neno lisivutwe, litakuja likiwa tayari. Limechukua miaka kumi na minne, lakini limefika: asante. Nenda ukapumzike, uzee wako uwe mwepesi, usingizi wako uwe mrefu. Ndege tutawafukuza sisi.