Jina la Babake Zilpah

Mheshimiwa Diwani Narinder, Sheikh wetu, walimu wa chuo, mama mgeni wetu kutoka Amerika, majirani Waingereza wa hapa Northfield, na jamaa mliopanda mabasi mawili kutoka Balsall Heath: assalamu alaykum, na karibuni.

Mimi ni Abshiro Kullow, mama yake Najmo. Shule niliiachia darasa la sita huko Garissa, mtanivumilia. Lakini kuzaa nimezaa. Leo binti yangu amepata digrii ya historia. Nina ombi pia, nitalisema kabla hatujala.

Mama mgeni alikuwa akimtafuta nyanya yake wa kale, Zilpah Harrow, aliyehamia Amerika Mwingereza angali anaitawala. Wasomi walimtafuta Zilpah katika ukoo wa Harrow miaka na miaka, wasijue amezaliwa na nani. Mgeni akamwomba Najmo amsaidie, naye Najmo akaja jikoni kunilalamikia, kwa Kiingereza chake kama kawaida. Nikamuuliza, "Kwani huyo Harrow ni babake au ni mumewe?" Maana mimi nimeolewa na Mubarik hii miaka yote, na bado ni Abshiro Kullow. Kwetu mwanamke haachi jina la babake mlangoni kama viatu. Kwao huliacha.

Najmo akaenda akachimba. Kumbe Harrow alikuwa mume wa kwanza. Alikufa, mjane akavuka bahari na jina lake, akaolewa upya kulekule, wakazaliwa hao mababu wa mgeni wetu. Babake hasa ni Tranter, mfua misumari wa hapahapa Northfield. Na mama huyu ametundika nembo ya akina Harrow sebuleni! Alipoambiwa akacheka: "Kumbe nimejivunia wakwe." Ni nani angethubutu kumwambia, kama si Najmo wangu?

Lakini mgeni naye akanigeukia: "Na wewe Abshiro, mama zako ni akina nani?" Baba zangu nitawataja mpaka chai ipoe. Mamangu ni Kowsar. Mamake Kowsar, sijui. Alifariki Kowsar akinyonya, na katika kuhesabu ukoo wetu, wanawake hatutajwi.

Ombi langu ndilo hilo. Wazee wa Garissa mmo humu. Anayejua mamake Kowsar aliitwa nani, asiondoke, hata akishashiba. Najmo ameketi pale mlangoni, na ameniahidi atauliza kwa Kiswahili.

Asanteni kwa kunitegea masikio.