Chaki Waliyoinywa

Benchi la Mzee Awadhi muuza kahawa liliegemea ukuta wa duka la Rogath, hatua chache kutoka soko la Kariakoo. Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na redio za Dubai zikafurika hadi barazani, hapo ndipo dunia nzima ilipohukumiwa kwa kahawa na kashata. Rogath, Mchaga aliyelinunua duka kwa Mzee Umakant, kila alasiri alikaa ameukalia mkono wake wa kulia. Aliuogopa. Ukiachiwa, kidole kilichora vitu asivyovijua.

— Mmesikia redio? akaanza Kasmir, aliyeitwa Satelaiti kwa kuwa habari hazikumpita. — Manan, yule mtoto wa Umakant aliyefia Ulaya, kapewa nishani ya kimataifa! Fizikia ya hesabu!

— Maiti ataivalia wapi? Awadhi akauliza, akigonganisha vikombe.

— Aligundua mlango, bwana. Hesabu zake zinafungua hewa. Unaingilia Ilala, unatokea mwezini.

— Acha kamba! Awadhi akamkatiza.

— Kamba? Na ile chaki yake ukutani hapa, nani aliiosha?

Aliyeiosha ni Awadhi. Familia ilipohama iliacha ukuta umejaa maandishi ya Manan. Awadhi, aliyezoea kombe la aya linaloandikwa kwenye sahani, likaoshwa na kunywewa kama dawa, aliamini ni dua ya Kihindi ya utajiri. Maji ya ukuta akayapikia kahawa, wakanywa wote. Rogath ni Mlutheri, ila biashara ilikuwa imedoda, akaomba kikombe cha pili.

— Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo...

— Sisi tuliyanywa! Rogath akamkata Satelaiti. — Semeni kweli, nyie mikono yenu mizima?

— Wewe ulikunywa mpaka machicha, Mangi, Awadhi akasema. — Labda huko chini ndiko alikobaki Manan mwenyewe.

Mwanamke mwenye sari akasimama mbele yao.

— Shikamoo, Mzee Awadhi. Mimi Dipti, dada yake Manan.

— Marahaba, binti. Pole, na hongera.

— Mstari wa mwisho wa hesabu yake haujaonekana popote. Aliniambia aliuandika kwenye ukuta huu, ukaishia na vistari viwili. Uko wapi?

Awadhi akageukia ukuta ghafla, kikombe kikapinduka, kahawa ikamwagika benchini. Rogath akaruka asiungue, na mkono ukamponyoka. Kidole kikaingia kwenye kahawa, kikaandika taratibu: duara, mkia, duara, vistari viwili.

Machozi yakamtoka Dipti.

— Mwandiko wake. Mkia huo aliubuni utotoni. Ndio mwisho.

Lakini kidole hakikusimama. Kilifika ukingo wa benchi, kikaanza kupanda ukutani.

— Kaka Rogath, Dipti akauliza kwa sauti ndogo, — mbona bado anaandika?