Kibao cha Kwa Orpah

MACHOGU: Haloo? Hiyo ni simu ya Kemuma?

KEMUMA: Ndiyo. Nani mwenzangu?

MACHOGU: Baba yako mdogo, Machogu. Bwakire?

KEMUMA: Bwakire buya. Leo jua limetokea wapi! Tangu mzike baba na utufukuze, hujawahi kunipigia.

MACHOGU: Wacha hayo. Watu wa kaunti wamesimamisha kibao hapa senta, ati "Kwa Orpah". Si huyo ni mama yako?

KEMUMA: Ndiye.

MACHOGU: Usinichezee! Hapa ni Kwa Machogu! Duka ya kwanza—

KEMUMA: —ilikuwa ya mama! Uliichukua chumvi ikiwa bado kwa rafu.

[Mtandao unakwaruza.]

MACHOGU: ...nani aliwaambia?

KEMUMA: Wale kaunti ilituma kuandika habari za mahali, milima, mito, watu wanalima nini. Walianza kwako, ukawatoa mbio na panga.

MACHOGU: Nilidhani wanapima shamba! Mtu akisimama kwa mpaka wangu na kamera—

KEMUMA: Basi wakateremka Keroka kutafuta mtu wa huko juu. Wakaonyeshwa mimi. Nikawaeleza ukungu wa asubuhi, mvua ya mawe inavyochapa majani chai, chemchemi iko chini ya mikaratusi. Na jina la mahali nikalisema polepole, waandike vizuri.

MACHOGU: Kemuma, mwanangu. Waambie ulikosea.

KEMUMA: Yaya, siwaambii! Nilitaka ukifungua mlango kila siku usome jina lake. Na nimefurahi, sikufichi.

MACHOGU: Obe! Wakwe wa kijana wangu Manasseh wanatoka Nyaramba leo kuchunguza boma! Wakiuliza Orpah ni nani, wajue tulimfukuza mjane... hawatatupatia msichana!

KEMUMA: Si una mdomo? Waeleze.

MACHOGU: Ngoja... ndio hao wameshuka stage. Kuna mama anawaleta. Amebeba ndizi—

[Kicheko cha watu kinasikika kwa mbali.]

MACHOGU: Kemuma. Huyo ni nani?

KEMUMA: Amekaa chini ya hicho kibao tangu asubuhi. Senta yote inajua wageni wako wanakuja.

MACHOGU: Wanacheka naye! Mpigie arudi! Aki mwanangu, kredo ya simu inaisha—

KEMUMA: Basi wahi, mwekee kiti. Wakikuuliza, sema ni mke wa ndugu yako.

MACHOGU: Kemu—

[Simu inakatika.]