Siku Verna Alipoacha Kudanganya Kijiwe

Asubuhi hiyo ya Aprili benchi la mbele ya duka la donati lilikuwa na watu wake watatu wa kila siku, makoti yamefungwa hadi kidevuni, kahawa mikononi. Lowell, dalali mstaafu wa mnada wa ng'ombe, aliitwa Spika kwa kuwa hajui kunong'ona. Gus, fundi bomba, aliitwa Profesa, maana husoma hata gazeti lililofungiwa samaki. Verna aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Yeye walimwita Breki, kwa sababu ndiye huwasimamisha hao wawili wakizidisha.

Siku hiyo breki hazikushika. Saa sita mchana, katika jengo la ng'ambo ya barabara, madiwani wa kaunti wangeamua kama Nyumba ya Njano ipewe fedha za mwaka mwingine. Ndiko vijana waliokamatwa kwa makosa madogo hupelekwa kwa washauri badala ya kwa hakimu.

Spika alishikilia kwamba madiwani wanaibana Nyumba hiyo ili wanunue gari jipya la kusukuma theluji. Profesa akasema gari ni danganya toto. Kule ndani vijana wanalishwa biskuti zenye dawa, ndiyo maana mmoja alimwamkia mara mbili kwa siku moja.

— Mara mbili, Spika. Kijana wa miaka kumi na sita. Hiyo ni afya?

— Basi nikwambie kitu, — Spika akajibu. — Hii ni njama ya mji wa jirani. Wanawapoza vijana wetu ili timu yetu ya magongo ya barafu ikose wa kugonga watu.

Verna alicheka nao, lakini alikuwa na lake moyoni. Majira ya baridi yaliyopita mjukuu wake Annika, mwenye miaka kumi na tano, aliingia shuleni na wenzake usiku wakapulizia maandishi ya rangi kwenye makabati ya ukumbi mzima. Nyumba ya Njano ilimpokea kwa wiki kumi na mbili, na makabati aliyapaka upya mwenyewe. Verna aliliambia benchi kwamba mtoto yuko Fargo kwa shangazi yake.

Ndipo alipotokea msichana mwenye faili kifuani, akawasalimu. Alijitambulisha kuwa ni Mai Yer, karani wa Nyumba ya Njano. Madiwani walitaka kumsikia hata mzazi mmoja, naye alikuwa amepiga simu tangu alfajiri. Kila mzazi aliyepigiwa aliona aibu akakata.

— Samahani, wazee wangu. Kuna yeyote hapa ambaye mtoto wake alipitia kwetu?

Spika akatazama kahawa yake. Profesa akafunga kifungo kilichokwisha kufungwa.

Verna alisimama, akasogea hadi kona ya duka, akampigia Annika simu. Habari ilikuwa ya mtoto. Hakutaka kuitoa bila ruhusa yake. Annika akasema:

— Sema yote, bibi. Ila usitaje nilichoandika. Nilikosea herufi.

Verna akarudi benchini.

— Mimi, — akamwambia Mai Yer. — Mjukuu wangu.

— Si ulisema yuko Fargo? — Spika akauliza, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

— Nilisema hivyo kwa sababu nawajua, bwana.

Hawakumcheka. Profesa alimbebea kikombe, Spika akasimamisha magari kwa mkono, wakavuka wote wanne.

Mbele ya madiwani Verna alieleza: polisi mlangoni, mtoto asiyekula, mshauri aliyemsikiliza mpaka akaanza kusema, brashi na rangi Jumamosi kwa Jumamosi. Diwani mmoja mzee akataka kujua binti aliandika nini hasa kwenye hayo makabati.

— Hilo, mheshimiwa, nimeombwa nilifiche.

Ukumbi ukaangua kicheko, na diwani huyo akacheka kuliko wote. Kura zilikuwa nne kwa tatu: Nyumba ya Njano ikapata mwaka wake.