Banda la Kuoshea Maganda, Harlan Butte

Mgeni rasmi, Bi Lorna Tveit, Muuguzi Mkuu wa wilaya yetu. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Dale Huckaby. Majirani zetu wa Harlan Butte na wa mashamba yote ya upande huu wa Montana:

MAKARIBISHO

Sisi wanachama arobaini na mmoja wa Klabu ya Walenga Shabaha ya Harlan Butte tuna furaha iliyotushinda kuificha. Tangu alfajiri watu wanafagia hata pasipofagilika. Sufuria mbili za maharage na nyama ziko motoni, keki za tufaa ni kumi na nne, na Bwana Huckaby amevaa tai, jambo ambalo mkewe anasema halikutokea hata siku ya harusi yao. Karibu sana. Tunakumbuka vizuri kwamba mara ya mwisho ulipofika hapa hatukukupokea hivi.

TULIKOTOKA

Klabu yetu hujaza risasi zake yenyewe. Ganda la shaba likishafyatuliwa hatulitupi. Tunalisafisha, tunalitia fataki mpya, yaani kiwashio cha kitakoni, baruti na kichwa kipya, nalo linarudi kazini. Ganda chafu hukwaruza mashine na huficha ufa, kwa hiyo kila kitu huanza na usafi.

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi hiyo ilikuwa ya mzee Wendell Skaar. Alikuwa na beseni la umeme linalotikisika, lililojaa chenga za maganda ya kokwa za jozi. Chenga hizo husugua shaba mpaka ing'ae, lakini pia hubeba masizi ya fataki, na ndani ya masizi yale mna madini ya risasi. Mzee alizitumia zilezile mpaka zikawa nyeusi, akizichekecha kwa chujio la jikoni katika chumba kisicho na dirisha, na andazi lake pembeni.

Miaka mitatu iliyopita ulikuja kupima maji ya kisima chetu. Ukapita mlangoni mwa chumba kile, ukaliona vumbi. Ulituasa tuvae barakoa, tubadilishe tunachosafishia, tupimwe damu. Bwana Huckaby, ambaye ameomba maneno yake yasomwe leo kama alivyoyasema, alikujibu: "Dada, baba yangu kavuta vumbi hili miaka hamsini, na kilichomuua ni teke la farasi."

Tulicheka. Tulicheka wote, mgeni rasmi, hata mimi Arlys Brekke, katibu, ninayesoma risala hii. Ukaacha mezani kadi zenye namba yako ya simu. Tulizitumia kuandikia hesabu za mchezo wa karata.

LILILOTUFIKA

Oktoba iliyopita, siku chache kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, mzee Wendell alimkabidhi Bwana Huckaby sanduku la risasi hamsini. Mwenyekiti alizitikisa moja moja sikioni, kama ilivyo desturi yake, na saba hazikuwa na sauti. Hazikuwa na baruti hata chembe. Hizo zilikuwa za mtu ambaye hupima baruti mara mbili kila ganda.

Bwana Huckaby alizipanga saba zile mezani. Mzee akaziangalia, akavua kofia yake, akauliza, "Leo ni Jumanne au Jumatano?" Ilikuwa Jumamosi.

Tulikuwa tumeona mikono yake ikitetemeka tukasema ni uzee. Tulisikia akimfokea mkewe, Inga, tukasema ni baridi. Kesho yake Inga alipiga simu kuomba namba yako, ndipo mimi nikaenda kuzitafuta zile kadi za karata. Kipimo cha madini ya risasi katika damu ya mzee kilisoma thelathini na tisa, na mtu mzima hapaswi kufika tano. Risasi iliyompata mzee wetu haikutoka kwenye mtutu wa bunduki.

Kisha ukauliza swali moja ambalo hatukulitarajia: ni nani mwingine aliyekaa chumba kile? Tulikuja kwako kumi na mmoja, mbali na mzee. Mmoja wetu alikuwa Tessa, mkwe wa mzee, aliyekuwa akimsaidia kuchekecha kila Alhamisi. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Damu yake ilisoma sita.

Siku ile ile mzee alirudisha ufunguo. Hajavuka lango letu tangu hapo.

JINSI TULIVYOCHAGUA

Mgeni rasmi, hapa ruhusu sauti ipande kidogo, maana hapa ndipo tunapojivunia.

Ulipotuambia chumba kile kifungwe, tulikifunga. Lakini maganda elfu tisa yalikuwa yanatungoja, na kila mwanachama alikuwa na dawa yake ya kuyasafishia. Tukakubaliana kujaribu kila kitu, barakoa usoni, nje kwenye baridi, mbele ya wote.

Tulianza na mchele, kwa kuwa mama mmoja aliapa kwamba marehemu mumewe hakutumia kingine. Punje zilikwama kwenye tundu la fataki tukazichokoa kwa msumari mchana kutwa. Tukaja kwenye chenga mpya za magunzi ya mahindi. Hizo ni laini kuliko jozi, shaba ilitoka na mng'ao wa kuvutia, na tukitia tone la mafuta ya kung'arishia na vipande vya kitambaa chenye unyevu, vumbi lilipungua sana. Lilipungua, lakini halikwisha, na ndani ya ganda masizi yalibaki palepale. Bwana Huckaby alitangaza kwamba kura yake ni ya magunzi. Alisema yeye si dobi wa kuosha maganda kwa maji.

Tessa, na tumbo lake, hakuruhusiwa kukaribia. Alisimama mbali, kando ya uzio, akapaza sauti: "Mwenyekiti, jaribuni maji. Vumbi lililolowa haliruki."

Basi tukaazima pipa linalozunguka. Tukatia maji, sabuni ya vyombo, chembe za unga wa ndimu, na sindano fupi za chuma kisichoshika kutu, nyembamba kama uzi. Tukalizungusha saa mbili. Tulipomwaga, yalitoka maji meusi kama kahawa ya juzi, na katikati yake maganda yanayong'aa ndani na nje, hata kwenye tundu la fataki. Bwana Huckaby aliokota moja, akaligeuza juani, akalichungulia kwa jicho moja.

"Sasa haya ni maganda," akasema, "au hereni?"

Kura zilikuwa arobaini kwa sufuri. Tumejenga banda hili majira yote ya baridi, kwa mikono yetu, lina madirisha manne na karo mbili. Ndani yake hakuna anayekula wala kunywa. Sindano huondolewa kwa sumaku, maganda hukaushwa kwenye kikaushio cha matunda, maana unyevu huua baruti, na kila ganda huchunguliwa kwenye mwanga, kwani sindano iliyosahaulika ndani ni hatari. Leo damu za watu kumi kati ya wale kumi na mmoja ziko chini ya tano, na huyo mmoja anashuka.

YANAYOTUKWAZA, NA MAOMBI YETU

Yale maji meusi hatuwezi kuyamwaga kijitoni, ng'ombe hunywa humo. Tuna ndoo ishirini na tatu zilizofunikwa nyuma ya banda. Tunaomba wilaya itupatie mahali pa kuzipeleka. Pia tunaomba uje kutupima damu kila Septemba, hapahapa, nasi tutapanga foleni bila kusukumwa.

Ombi la tatu limeandikwa kwa kalamu asubuhi hii, baada ya Inga kutupigia simu. Mzee Wendell amekubali kumleta mkewe, lakini amesema hatashuka. Gari lake ni lile la kijani, nje ya lango. Damu yake sasa ni kumi na nane, na anazijua siku zote za juma.

Tessa alijifungua mtoto wa kike Februari. Damu ya mtoto, kama ulivyompa mama yake majibu jana, iko chini ya moja. Tessa ameturuhusu tuyaseme haya. Mtoto ana miezi miwili, na babu yake hajawahi kumpakata. Hunawa mpaka viwiko, kisha huikunja mikono kifuani na kumtazama kwa mbali.

Sisi tumemwambia. Tessa amemwambia. Anasema sisi ndio tuliocheka, tunajua nini? Wewe hukucheka. Kwa hiyo, kabla ya kukata utepe, tunakuomba utembee na Tessa na mtoto mpaka kwenye gari lile, na umwambie mzee wetu kwamba mikono yake ni safi.

Tutasubiri. Chakula kitabaki moto.

Mungu aibariki kazi yako, akujaalie afya kama uliyotupa sisi, na aiinue wilaya yetu.

Ni sisi wako,
Wanachama wa Klabu ya Walenga Shabaha, Harlan Butte.